Mgeni Asiyetaka Mgeni Mwenziwe

Mwezi wa Oktoba 1844 gazeti la Morning Post la London lilichapisha shairi la mistari 14 la mzee wa miaka 74, na Disemba zikafuata barua zake mbili ndefu. Mzee huyo ni William Wordsworth, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amepewa cheo cha mshairi wa ufalme wa Uingereza. Lililomtia kalamu mkononi safari hii halikuwa penzi wala msiba. Lilikuwa reli. Wenye mitaji walikuwa wamekusudia kutandika njia ya gari la moshi kupitia mji wa Kendal hadi karibu na ukingo wa ziwa la Windermere, katika ile pembe ya kaskazini-magharibi ya Uingereza iliyojaa maziwa, milima na miji midogo ya mawe. Mzee akasema haifai.

Hoja zake zilikuwa kadhaa, na ni haki zielezwe kwa nguvu zake zote kabla ya kupimwa. Alisema kuwa kuipenda mandhari kama ile ni tabia inayokua polepole ndani ya mtu, wala hainunuliwi pamoja na tikiti ya siku moja. Alisema kuwa mafundi na vibarua wa viwanda vya Lancashire wangenufaika zaidi kwa kutembea makondeni karibu na kwao kuliko kumwagwa kwa maelfu kando ya maji wasiyojua wayatazame vipi. Akaona mbele yake mashindano ya mieleka, mbio za farasi na za mashua, na vilabu vya pombe ukingoni mwa ziwa. Na kubwa kuliko yote, alisema kwamba watu wakifuata utulivu kwa maelfu, utulivu wenyewe hautakuwapo watakapofika. Kwa hiyo anayewapeleka huko anawauzia kitu ambacho safari yenyewe inakiua.

Hoja hii ya mwisho si ya kupuuzwa. Kila mwenye kukaa kisiwani kunakotembelewa na wageni anaijua, ingawa hajapata kumsoma Wordsworth. Ila kuna jambo lililowafanya wengi wacheke walipozisoma barua hizo. Miaka 34 kabla, mwaka 1810, mshairi huyo huyo aliandika mwongozo wa maziwa, kwanza bila ya jina lake, ukiwa dibaji ya kitabu cha picha cha Joseph Wilkinson. Kisha akautoa peke yake, akauongeza, akautengeneza, mpaka ukafika toleo la tano mwaka 1835. Ulisomwa mno. Matthew Arnold alisimulia baadaye kuwa kasisi mmoja aliyekwenda kumzuru mzee alimwuliza kama amepata kuandika kitu kingine chochote zaidi ya mwongozo ule. Humo, pamoja na mengine, Wordsworth alikuwa amesema kwamba eneo lile lingefaa lihesabiwe kuwa namna ya mali ya taifa zima, ambayo kila mwenye jicho la kuona na moyo wa kufurahi ana fungu lake.

Basi swali ni hili: aliyemwita mgeni ana haki gani ya kumchagua mgeni? Na chini yake kuna swali gumu zaidi, ambalo halimhusu Wordsworth tu: uzuri wa mahali ni wa nani, wa anayeuona au wa anayeishi ndani yake?

Kabla ya kujibu inafaa kuingia mahali penyewe. Mfasiri anayetaka kuliita eneo hili kwa Kiswahili hukutana na tatizo mlangoni. Akisema Nchi ya Maziwa, nusu ya wasikilizaji watafikiri habari za ng'ombe. Wala hawatakosea sana, kwa kuwa ng'ombe wapo na kondoo ni wengi zaidi. Wenyeji nao hawayaiti maziwa yao kwa jina moja. Kati ya maziwa makubwa ni moja tu, Bassenthwaite, ambalo jina lake rasmi lina neno la Kiingereza la ziwa. Mengine huitwa kwa maneno ya kale yenye maana ya maji au ya dimbwi, baadhi yake yakiwa masalio ya lugha ya watu waliovuka bahari kutoka Skandinavia zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Windermere, lililo kubwa kupita yote Uingereza, lina urefu wa kilomita 17 hivi. Milima si mirefu kwa vipimo vya Afrika, maana kilele cha juu, Scafell Pike, ni mita 978 tu. Lakini inasimama karibu karibu, na mvua haina vuli wala masika. Kijiji cha Seathwaite, bondeni Borrowdale, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka.

Miji yenyewe ni midogo. Keswick umekaa kati ya ziwa la Derwentwater na mlima Skiddaw. Ambleside una kijumba kilichojengwa juu ya daraja, kijito kikipita chini ya sakafu. Hawkshead ni vichochoro na vibaraza vya mawe, na ndani yake ipo ile skuli aliyosoma Wordsworth alipokuwa mtoto. Grasmere unajulikana kwa kaburi lake na kwa mkate wa tangawizi ambao Sarah Nelson alianza kuuza mwaka 1854 katika nyumba iliyo mlangoni mwa makaburi. Wageni huununua hadi leo, na tangawizi, kama ajuavyo kila mtu wa pwani, haioti kwenye baridi ile. Nyumba ni za mawe ya kijivu yapasukayo mabamba, na mapaa ni ya mabamba hayo hayo. Kutoka mijini kuta za mawe zisizo na chokaa wala saruji hupanda milimani moja kwa moja, maili baada ya maili, zikaishia pale ambapo kondoo peke yao ndio wenye shughuli.

Watu hawakuiona nchi hii kuwa nzuri siku zote. Wasafiri wa mwanzo wa karne ya 18 waliiona ya kutisha na isiyo na faida. Jicho lilibadilika katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Mshairi Thomas Gray alizuru mwaka 1769, na shajara ya safari yake ilipochapishwa mwaka 1775 iliwatia wengine hamu. Mwaka 1778 Thomas West akatoa mwongozo uliomwambia msafiri asimame wapi, katika vituo vilivyochaguliwa, na atazame upande gani. Wasafiri hao walibeba chombo cha ajabu, kioo kidogo cha mbinuko kilichotiwa giza, kilichopewa jina la mchoraji Claude Lorrain. Ili kukitumia, mtu alisimama akaipa mandhari mgongo, akaitazama kiooni, ikiwa imepunguzwa na kutiwa rangi kama ya picha ya mafuta. Gray mwenyewe, akiwa katika shughuli hiyo, alianguka chali njiani kioo kikiwa mkononi, akaumia vifundo vya vidole. Ukingoni mwa Windermere, mahali paitwapo Claife, kulijengwa nyumba nzima kwa ajili ya kutazamia, madirisha yake yakitiwa vioo vya rangi: cha manjano kuifanya nchi ionekane ya kiangazi, cha rangi ya chungwa ya majani yanayopukutika, cha samawati hafifu ya baridi. Mgeni aliweza kupata majira yote ya mwaka kabla ya chakula cha mchana, pasi na kulowa.

Wanaowacheka watu wa leo wanaosimama mbele ya kila kitu kizuri wakikipa mgongo, simu imeinuliwa, hawana budi kukumbuka kuwa adabu hiyo ina miaka 250.

Kiswahili kina hukumu yake katika jambo hili, nayo imefichwa ndani ya neno. Kutalii kuna undugu na mtaala, na asili ya yote mawili ni neno la Kiarabu lenye maana ya kusoma na kupekua. Mtalii, kwa mzizi wa jina lake, ni msomaji. Lugha haikumwita mnunuzi wala mpita njia. Imemtarajia kuwa mtu aliyefungua kitabu na kukiinamia. Kuna tofauti kati ya kukisoma kitabu na kukitazama jalada, na tofauti hiyo ndiyo Wordsworth aliyokuwa akijaribu kuieleza mwaka 1844, ingawa aliieleza kwa namna iliyowadhulumu maskini.

Maana mshairi huyu, kwa hakika, alijua kusoma mahali. Mwaka 1800, akiwa anaishi Grasmere katika nyumba ndogo iliyopata kuwa kilabu cha pombe, alitunga utenzi wa mchungaji Michael. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Michael ana kipande cha ardhi cha urithi, mke na mtoto mmoja wa uzeeni. Alimdhamini mpwa wake, mpwa akaanguka, deni likamrudia yeye. Badala ya kuuza sehemu ya ardhi anampeleka mwanawe mjini akatafute fedha. Kabla ya kuondoka, mtoto anaweka jiwe la kwanza la zizi ambalo baba ataliendeleza. Mtoto anapotea mjini, anakimbilia ng'ambo. Mzee huenda mlimani siku nyingi, naye hakulimaliza zizi. Baada ya kifo chake na cha mkewe ardhi inauzwa kwa mtu baki, nyumba inavunjwa, jembe linapita pale palipokuwa na meko. Yanabaki mawe ya zizi kando ya kijito. Mshairi anamwambia msomaji kuwa angeweza kuyapita mawe hayo asiyatambue.

Hili la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote aliyoandika juu ya maziwa, likiwemo lile la mwongozo. Rundo la mawe lililo zuri machoni mwa mgeni ni kazi iliyokatika. Kila ukuta unaopanda mlimani uliinuliwa na mtu mwenye jina. Majani mafupi yanayoufanya mlima uonekane kama umevikwa mahameli ni meno ya kondoo wa mtu. Mandhari ya Grasmere imetengenezwa kwa mikono kama mlango wa Lamu ulivyotengenezwa. Januari 1801 Wordsworth alimpelekea mwanasiasa Charles James Fox kitabu chenye utenzi huo pamoja na barua, akimweleza kuwa wakulima wadogo wenye ardhi yao wanatoweka, na kwamba pamoja nao yanatoweka mapenzi ya nyumbani ambayo ardhi hiyo ilikuwa kama daftari lake.

Lakini mshairi huyo huyo ndiye aliyetunga lile shairi la maua ya manjano ya dafodili, lililokaririshwa watoto wa skuli katika makoloni ya Kiingereza kutoka Karibi hadi Afrika Mashariki, watoto ambao ua lenyewe hawakupata kuliona. Jamaica Kincaid, mzaliwa wa kisiwa cha Antigua, alilifanya jambo hilo kuwa jeraha katika riwaya yake Lucy ya mwaka 1990. Mshairi anasema katika shairi hilo kuwa alikuwa akizurura peke yake. Hakuwa peke yake. Tarehe 15 Aprili 1802 alikuwa akitembea kando ya ziwa la Ullswater na dada yake Dorothy, siku yenye upepo mkali, na ni Dorothy aliyeandika katika shajara yake jinsi maua yalivyokuwa ukingoni. Shairi lilichapishwa mwaka 1807. Mistari miwili ndani yake, ambayo Wordsworth mwenyewe aliikiri kuwa ndiyo bora, ilitungwa na mkewe Mary. Watu watatu, basi, wamelifanya shairi la upweke.

Mshairi ana ruhusa ya kusema uongo wa namna hiyo, na shairi halijapungua kwa sababu yake. Ila uongo huo ulitoka ndani ya shairi ukawa desturi ya msafiri. Tangu hapo kila anayekwenda nchi ya maziwa hutaka awe peke yake, na kwa kuwa hawi peke yake hulalamika. Huwaondoa watu katika picha: kwanza wageni wenziwe, kisha mkulima na trekta lake, kisha waya wa umeme, kisha dobi na nguo zake. Husema mahali pameharibika, akiwa na maana kwamba ameona watu. Matangazo ya safari za visiwani nayo hufuata mtindo huo, pwani nyeupe isiyo na hata unyayo, kana kwamba hapana aliyevua wala kuanika mwani pale asubuhi ile.

Hapo ndipo kosa la barua za 1844 lilipo. Aliyetunga Michael alimwona mchungaji ndani ya mandhari. Aliyeandika barua hakumwona mfumaji wa Manchester ndani ya behewa. Mfumaji huyo alikuwa mtu wa namna ile ile ya mtoto wa Michael, aliyetolewa shambani akaenda mjini kwa sababu ya deni. Kumwambia atembee makondeni karibu na kwake, katika Manchester ya mwaka 1844, ni maneno ya mtu asiyekwenda kutazama makonde hayo yamebaki wapi. Na kumtaka awe amekwisha funzwa uzuri kabla hajaruhusiwa kuuona ni sawa na kumkataza mtu chuo mpaka ahitimu.

Reli ilifunguliwa mwaka 1847. Haikufika Ambleside wala Grasmere. Iliishia pahala palipoitwa Birthwaite, na kando ya stesheni ukaota mji mpya kabisa, ukachukua jina la ziwa: Windermere. Huo leo ni mmoja wa miji ambayo wageni huifurahia kwa ukale wake. Wafanyakazi walikuja kweli, wakala vyakula vyao nyasini, wakapanda mashua, jioni wakarudi. Hawakuchukua kitu. Walioyachukua maziwa ni wengine, waliopanda gari hilo hilo la moshi katika mabehewa ya daraja la kwanza. Matajiri wa viwanda na biashara wa Manchester walinunua kingo za Windermere kipande baada ya kipande wakajenga majumba ya fahari, na mahali pengi ukingo ukafungwa kwa malango. Mshairi alikuwa ameilinda nyumba dhidi ya mpita njia aliyechungulia dirishani, na mnunuzi akaingia kwa mlango wa mbele.

Si kwamba hakuwa na habari. Katika mwongozo wake alikuwa amelalamika juu ya watu wa kuja waliopaka nyumba zao chokaa nyeupe katikati ya mawe ya kijivu, na kupanda misitu ya miti isiyo ya pale. Lakini aliyachukulia hayo kuwa makosa ya ladha, na makosa ya ladha hurekebishwa kwa mafunzo. Kununua hakurekebishwi hivyo.

Mji wa Manchester ulipokwisha kutuma watu wake ulikuja wenyewe kutafuta maji. Mwaka 1879 ulipata sheria ya kuligeuza ziwa la Thirlmere kuwa bwawa, na mwaka 1894 maji yakafika mjini baada ya kusafiri maili 96. Baadaye ukaja kulichukua bonde la Haweswater, na katika miaka ya 1930 kijiji cha Mardale Green, pamoja na kanisa lake na hoteli yake, kilibomolewa na kufunikwa na maji. Ukame unapozidi, kuta zake hutokeza, na watu huendesha magari kutoka mbali kwenda kuzikanyaga. Waliopinga bwawa la Thirlmere walishindwa, lakini katika kushindwa kwao walijifunza jambo ambalo barua za magazetini hazikuwafunza, nalo ni kwamba asiyetaka kitu kinunuliwe hana budi akinunue kwanza. Mmoja wao, Kasisi Hardwicke Rawnsley, alishiriki kuanzisha mwaka 1895 chama cha National Trust, ambacho msomaji wa pwani atakielewa upesi akiambiwa kuwa kinakaribiana na wakfu: mali haiuzwi tena, na manufaa yake ni ya watu wote. Beatrix Potter, mtunzi wa visa vya sungura, alipofariki mwaka 1943 aliuachia wakfu huo ekari zaidi ya 4,000 pamoja na mashamba yake.

Hata hivyo wakfu hulinda mlima na shamba; haukuweza kulinda kila nyumba mjini. Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1951, na mwaka 2017 eneo lote likaingizwa katika Urithi wa Dunia. Wakaaji ni kama 40,000. Wageni, kwa mwaka wa kawaida, hupindukia milioni 15. Na katika vijiji kadhaa nyumba nyingi zimekuwa za mapumziko ya watu wanaoishi mbali. Usiku wa Januari madirisha yake ni giza, na kijana aliyezaliwa mtaa ule hupanga mji mwingine, akaja na gari asubuhi kuhudumia wageni katika nyumba aliyozaliwa nyanya yake.

Nani alaumiwe? Aliyeuza si mwizi. Mjane wa Hawkshead anayepata kwa nyumba yake bei ambayo hakuna mtu wa kijiji angeweza kuitoa ana wajibu gani wa kuikataa, na ni nani atakayemtunza akiikataa? Kuna mahali watu wamejaribu kuweka masharti katika hati, kuwa nyumba hii ikaliwe na mwenyeji au afanyaye kazi pale pale. Sharti hushusha bei, na anayeumia kwa bei kushuka ni mwenyeji huyo huyo anayelindwa. Suala hili limewachosha wenye hekima wa kule, nalo limeanza kuwachosha wa huku. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, kabla ya nchi ya maziwa kwa miaka mingi. Watu wa Shela hawahitaji kuelezwa nyumba za mawe hupitaje kutoka mkono wa ukoo kwenda mkono wa mtu wa kuja, wala hawawezi kusema kwa nyuso kavu kwamba fedha hizo hazikujenga nyumba nyingine, hazikusomesha watoto, hazikumpeleka mtu Makka.

Tofauti moja ipo, na haifai kupuuzwa. Pwani ina hodi. Mtu hasimami mlangoni mwa mwenziwe akatazama ndani. Hupaza sauti, akangoja, na kama hakujibiwa mara ya tatu huondoka. Hodi haiulizi kama mgeni ni msomi au kibarua, kama amefunzwa uzuri au hakufunzwa. Inauliza jambo moja tu, ikiwa yumo mtu. Nayo humlazimisha anayeipiga akubali kuwa yumo. Ndiyo maana mgeni anayepiga picha mlango wa nakshi kwa saa nzima, pasi na kubisha wala kusalimu, huwaudhi watu wa barazani kuliko yule aliyeingia na viatu kwa kutojua. Huyu wa pili amemwona mwenye nyumba. Wingi wa wageni ni mzigo, hapana anayebisha, na vyoo na takataka na barabara ni mambo ya kweli. Lakini mahali huweza kuwapokea wengi wanaopiga hodi kuliko wachache wanaotaka pawe patupu. Na nyumba ya mapumziko yenye giza miezi kumi ni matakwa hayo ya utupu yaliyotimizwa kwa fedha.

Wanaosema afadhali wageni wasije kabisa walipata kuonyeshwa jinsi inavyokuwa. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia katika mifugo ya Uingereza, na hakuna jimbo lililopigwa kama Cumbria, ambamo maziwa haya yamo. Wanyama waliteketezwa kwa mamilioni nchini kote. Njia za milimani zilifungwa. Milima ikawa kama mshairi alivyoitaka, tulivu, na miji ikakaa kimya, wenye hoteli na wenye maduka wakihesabu siku. Mwaka 2020 kimya hicho kilirudi kwa sababu nyingine, na safari hiyo kilifika Unguja na Lamu pia. Mgeni njoo mwenyeji apone: mithali hii husemwa kwa tabasamu, lakini katika miaka hiyo miwili haikuwa na tabasamu.

Hofu kubwa ya mwaka 2001, kwa wachungaji, haikuwa fedha peke yake. Kondoo wa Herdwick, wale wa kijivu wa milima ile, hawazungushiwi ua huko juu. Jike humfunza mwanawe mipaka ya malisho kwa kutembea naye, na mwana akikua humfunza wake. Kundi likiuawa lote, maarifa hayo hufa nalo, na kondoo wageni wakiletwa watatawanyika. Kwa hiyo kwa desturi kundi ni la shamba: mpangaji mpya hulikuta na akiondoka huliacha, na Beatrix Potter aliliweka jambo hilo kuwa sharti katika mashamba aliyoyatoa wakfu, kwamba kondoo wabaki wa Herdwick halisi. Anayepita njiani huwaona wametapakaa mlimani kama wasio na mwenyewe. Lakini kila mmoja ana alama ya rangi ubavuni au mgongoni, na mkato sikioni, na alama hizo zimeandikwa katika kitabu ambacho mkulima Joseph Walker alikitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1817, miaka saba baada ya ule wa Wordsworth, nacho pia kiliitwa mwongozo. Kimechapishwa tena mara nyingi tangu hapo. Ndani yake hamna maziwa wala machweo. Mna michoro ya kondoo, ukurasa baada ya ukurasa, kila mmoja na alama zake, na kando yake jina la shamba na jina la mtu, ili aliyempata kondoo aliyepotea ajue ampeleke wapi.